Quo vadis si Kitabu cha Mahubiri

Hukumu juu ya riwaya ya Quo vadis ilishatolewa zamani na watu wakaenda zao nyumbani. Wanaoipenda husema ni kitabu cha imani: Wakristo wa kwanza wa Roma wanateswa na Kaisari Nero, wanakufa wakiimba, na mwisho wa yote msalaba unashinda. Wasioipenda husema hayohayo, ila kwa kukunja pua: ni mahubiri yaliyovishwa joho la Kirumi, malaika upande huu na mashetani upande ule, na katikati binti mzuri aliyefungwa kwenye pembe za fahali ili waumini wasisinzie. Kambi hizi mbili zimezozana zaidi ya miaka 120 pasipo kugundua kwamba zinakubaliana. Zote zinaamini kuwa Henryk Sienkiewicz, alipokaa kuandika, alikuwa amepanda mimbari.

Naona wote wamesoma kitabu kingine. Niliyoisoma mimi ni riwaya ya ikulu: jinsi mtawala mmoja anayejiona msanii anavyowageuza watu wote wanaomzunguka kuwa waongo, kuanzia mwerevu wao hadi ombaomba wao, na jinsi gharama ya uongo huo inavyolipwa na watu ambao hawakualikwa kwenye karamu. Wakristo wamo, tena wengi, na mwandishi yuko upande wao, hilo sibishi. Lakini waondoe Wakristo, bado utabaki na nusu ya riwaya nzuri sana. Waondoe wapambe wa Nero uone kama utabaki na chochote.

Tuanze na ya msingi, maana hata hayo hupotoshwa. Sienkiewicz alizaliwa mwaka 1846 huko Wola Okrzejska, katika sehemu ya Poland iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Nchi yenyewe haikuwapo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeshaigawana kabla babu zake hawajazeeka. Quo vadis ilianza kutoka kwa mfululizo mwezi Machi 1895 katika Gazeta Polska la Warsaw, na vilevile katika Czas la Kraków na Dziennik Poznański la Poznań. Miji mitatu, wafalme watatu wa kigeni, hadithi moja. Mwaka 1896 ikatoka kuwa kitabu, na mwaka huohuo Jeremiah Curtin akaitoa kwa Kiingereza huko Marekani, ikauzwa kama njugu. Mwandishi alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, watu wengi waliamini, na hadi leo wanaamini, kwamba alipewa kwa sababu ya kitabu hiki. Akademi ya Sweden ilimtuza kwa jumla ya kazi zake za kitendi, na wakati huo alikuwa ameshaandika riwaya tatu kubwa za vita vya Poland vya karne ya 17 ambazo Wapoland wenyewe wanazienzi kuliko hii ya Roma.

Baada ya umaarufu yakaja madharau. Witold Gombrowicz, Mpoland wa kizazi cha baadaye na mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alimweka Sienkiewicz katika daraja la pili la waandishi huku akikiri kwamba ndani ya daraja hilo hana mpinzani. Shitaka lake, kwa ufupi, ni utamu: kwamba Sienkiewicz anampa msomaji uzuri rahisi, dhambi iliyopakwa asali na wema usiouma, mpaka taifa zima linajiona zuri kwenye kioo chake. Ni shitaka zito na kwa riwaya zake nyingine lina ukweli. Kwa Quo vadis limekosea mlango. Tazameni nani anapewa utamu humu ndani, kisha tazameni anafanya nini nao.

Kitabu hakifunguki kwa sala. Kinafunguka kwa mwanamume anayeamka saa sita mchana, mwili mzito kwa karamu ya jana usiku kwa Nero, ambaye lazima apelekwe bafuni akandwe na kupakwa mafuta ndipo arudi kuwa mtu. Huyo ni Petronius. Alikuwepo kweli, mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anamweleza kama mtu aliyelala mchana na kuishi usiku, ambaye Nero hakukiona kitu kuwa kizuri mpaka yeye aseme ni kizuri. Mpwa wake Vinicius, kijana mwanajeshi aliyerudi kutoka vita vya mashariki, anakuja kumweleza kwamba amempenda msichana aliyemwona nyumbani kwa jemadari mstaafu Aulus Plautius. Msichana ni Lygia, binti wa mfalme wa kabila la kaskazini, aliyekabidhiwa Roma kama dhamana ya amani. Hauzwi, kwa kuwa si mtumwa.

Petronius anafikiri kidogo, njia inapatikana. Mateka ni wa dola, na dola ni Kaisari. Basi Kaisari amdai binti kutoka kwa Aulus, halafu amtoe zawadi kwa Vinicius. Na ili Nero asije akamtamani yeye mwenyewe, Petronius anamnong'oneza kwa tabasamu kwamba binti yule ni mwembamba mno. Hila safi kabisa. Hakuna aliyetukanwa, hakuna sauti iliyopandishwa. Muda si muda askari wanabisha hodi kwa Aulus, na mtoto aliyelelewa humo kama wa kumzaa anaondolewa kwa amri, mama mlezi akimshika mkono hadi mlangoni.

Hapo ndipo msiba wote unapoanzia: kwa mjomba anayempenda mpwa wake, anayefanya fadhila ndogo kwa kutumia ulegevu wa mkubwa. Nero anapigiwa simu tu, tungesema leo. Kama Sienkiewicz angekuwa mhubiri, angempa uovu huu Tigellinus, mkuu wa walinzi, mtu mwenye roho mbaya tangu ukurasa wake wa kwanza. Ameutoa kwa mtu anayependeza kuliko wote kitabuni. Msomaji anacheka naye, anastarehe naye, anatamani kualikwa mezani kwake, na huku tayari ameshauza binti wa watu.

Wapinzani wangu wanao utetezi wao wa kawaida: Petronius, wanasema, ni mhusika aliyemshinda mwandishi wake. Eti Sienkiewicz alitaka kuandika kitabu cha Petro na Paulo, lakini mpagani huyu akaingia na kuwazidi nguvu mitume, na sasa sehemu nzuri za riwaya ni zile ambazo mwandishi alizisahaulia mahubiri yake. Hoja hii inasikika ya werevu. Inawawezesha watu kufurahia kitabu na bado kukidharau. Ninaikataa kwa sababu ya viboko 25.

Petronius ana mtumwa, Eunice, mzuri ajabu, anayempenda bwana wake kimyakimya kiasi cha kwenda kuibusu sanamu yake ya marumaru. Petronius hajui. Siku moja anaamua kumtoa Eunice zawadi kwa Vinicius ili kumliwaza. Eunice anapiga magoti, anaomba abaki, hata kama ni kupigwa kila siku. Mtumwa kukataa! Petronius hana hasira. Hasira ni jambo la watu wasio na malezi. Anamwita msimamizi wa nyumba na kuamuru apewe viboko 25, ila waangalie wasiiharibu ngozi. Ngozi ni nzuri, na yeye ni mpenda vizuri. Baadaye watapendana kwelikweli na kufa pamoja, na wasomaji watatoa machozi. Lakini mwandishi aliyeiandika ile amri kuhusu ngozi hakusahaulishwa kitu na mhusika wake. Alikuwa anamwekea hesabu tangu mwanzo.

Vinicius naye, shujaa wetu, kijana ambaye kwenye filamu huchezwa na mwanamume mwenye kidevu kizuri: watumwa wanaporudi usiku kumwambia kwamba Lygia ametoroshwa, mzee Gulo, aliyembeba mikononi utotoni, anajitokeza mbele ya wenzake ili aseme yeye. Vinicius anakamata kinara cha taa cha shaba na kumpasua kichwa. Hakuna anayemshitaki, kwa kuwa hakuna kosa. Kilichovunjika ni mali yake. Riwaya inaendelea na safari yake ya mapenzi na wongofu, na mzee anabaki pale sakafuni. Wanaosema kwamba humu wema na wabaya wametengwa kama ngano na magugu waniambie Vinicius anakaa fungu gani, maana ndiye anayebatizwa.

Sasa twende Antium, mji wa pwani ambako Nero na watu wake wanapunga upepo, kwa sababu ndipo riwaya inapoonyesha makucha yake. Nero amesoma mbele yao mashairi yake juu ya kuungua kwa Troya. Baraza zima limelipuka kwa sifa; kila chawa anatafuta neno kubwa kuliko la mwenzake. Petronius anaulizwa, naye anasema mashairi hayafai, yatupwe motoni. Watu wanaacha kupumua. Tangu lini mtu akamwambia Nero hivyo? Tigellinus anafurahi, adui yake amejimaliza mwenyewe. Kisha Petronius anafafanua: yangeandikwa na Virgil au Ovid, hata na Homer, yangekuwa mashairi bora, ila wewe, Kaisari, hustahili kuandika kama wao. Moto ulioueleza hauwaki vya kutosha. Wewe unaweza zaidi.

Huo ni uchawa wa daraja la juu, ule unaovaa nguo ya ukweli, na umefanikiwa: Nero amelainika, macho yamelowa, anamkumbatia mkosoaji wake pekee mwaminifu. Na anamjibu kwa dhati ya msanii. Unajua kwa nini moto wangu hauwaki? Kwa sababu sijawahi kuuona mji ukiungua. Tigellinus, asiye na ufundi wa maneno ila ana ufundi wa kutii, anadakia hapohapo: amri itoke, nitauchoma Antium kabla hakujacha, au meli za Ostia, au nitajenga mji wa mbao milimani uutie kiberiti mwenyewe. Nero anamdharau. Nitazame vibanda vya mbao vikiungua? Na anaongeza kwamba Tigellinus anaonekana hakithamini kipaji chake, kama anadhani kuna sadaka iliyo kubwa mno kwa ajili ya shairi lile.

Haipiti muda mrefu, mjumbe anaingia na habari kwamba Roma inawaka.

Someni ukurasa ule polepole. Nani kauchoma mji? Kwa mkono, watu wa Tigellinus. Kwa nia, Nero. Lakini aliyemtia Kaisari kichwani wazo kwamba shairi lake linakosa moto halisi ni mtu mstaarabu kuliko wote, aliyekuwa anajilinda kwa mzaha. Petronius hakukusudia, hakuwa hata na chuki na jengo moja la Roma. Alikuwa anacheza mchezo wake wa kila siku wa kubaki hai karibu na kichaa, na siku hiyo akaucheza vizuri mno. Wahakiki wanaomwona kama taa ya akili katikati ya giza la imani na ushenzi huupita ukurasa huu mbio. Mimi naona ndio ukurasa wa katikati wa kitabu, na hauna Mkristo hata mmoja.

Wanahistoria watanikatiza hapa, na wana haki. Tacitus, aliyekuwa mtoto mdogo mji ulipoungua Julai mwaka 64, anaacha suala wazi: huenda ni bahati mbaya, huenda ni hila ya mtawala, Nero alikuwa Antium, akarudi, akafungua bustani zake kwa waliounguliwa na nyumba. Kati ya wilaya 14 za mji, zilizosalimika ni nne tu. Sienkiewicz alichagua uvumi mbaya kuliko wote na kuufanya kweli, na kwa sababu ya mafanikio yake watu wengi duniani wanamjua Nero wa riwaya wakidhani ni wa historia. Sawa. Ila ukimlaumu kwa hilo, mlaumu kama mtunga riwaya aliyehitaji kisababishi, usimlaumu kama mhubiri. Mhubiri angeridhika na Nero mwovu. Huyu alitaka kujua ni mazungumzo gani ya baada ya chakula yanayoweza kuunguza mji.

Baada ya moto anatakiwa wa kubebeshwa, na hapa nakiri bila kuumauma maneno kwamba kuna doa. Sienkiewicz anawaweka viongozi wa Wayahudi wa Roma kati ya wanaowachongea Wakristo mbele ya Nero. Tacitus, anayeeleza mateso yale, hasemi lolote la namna hiyo. Hilo limetoka kwenye chuki za Ulaya ya karne ya 19, na hakuna uzuri wa sentensi unaolisafisha. Nakiri pia kwamba Lygia ni mhusika wa karatasi: anapendwa, anatekwa, anaugua, anafungwa, anafunguliwa. Mtu anayetaka kuidharau Quo vadis angeanzia hapo, nami ningenyamaza.

Lakini tazama mchongezi mkuu ni nani na kwa nini alichongea. Chilon, Mgiriki ombaomba, mwanafalsafa wa vichochoroni, muuza siri. Zamani alimwuza tabibu Glaucus, mke wa Glaucus na watoto wake wakaishia utumwani. Vinicius alimtumia kumsaka Lygia. Baadaye Vinicius yuleyule, moyo umeshaanza kulainika kwa mafundisho ya Petro, akamchapa Chilon viboko bila huruma alipokuja tena kumwuzia habari za binti. Chilon akaenda na majeraha yake hadi kwa Tigellinus, akaeleza kila nyumba aliyoijua, kila kisima wanachokutania, kila jina. Maelfu wanakamatwa. Katika mnyororo ule wa sababu kuna pete moja iliyofuliwa na mkono wa shujaa anayekaribia kubatizwa. Ni mahubiri gani haya yanayompa mwongofu mtarajiwa sehemu ya lawama ya maangamizi ya kanisa lake?

Kuhusu uwanja wenyewe, wenye dharau husema mwandishi anafurahia damu. Nadhani alikuwa anatazama mahali pengine. Uwanja wa mbao umejengwa haraka kwa sababu ule wa awali uliungua. Juu yametandwa maturubai kuzuia jua, hewa imetiwa manukato ili harufu isiwafikie wenye pua. Mapambano ya kwanza yakiisha kuna mapumziko, na umati unaletewa chakula: nyama za kuchoma, vitamu, zeituni, divai. Watu wanakula, wanapiga soga, wanamshangilia Kaisari. Kisha zinarushwa tiketi za bahati nasibu, na watu wanakanyagana kuziokota, wengine wanavunjika mikono na miguu. Sienkiewicz anakaa na hawa walaji kwa muda mrefu kuliko anavyokaa na wanaoliwa. Mji ulioungua, wenye mji wakiwa hawana paa, na bado umetulizwa kwa sahani ya nyama na karatasi ya bahati.

Halafu linakuja lile onyesho linalojulikana na kila mtu. Ursus, jitu lililokuwa mlinzi wa Lygia, linasukumwa uwanjani bila silaha. Fahali wa Ujerumani anaachiwa, na juu ya pembe zake Lygia amefungwa uchi. Ursus anamkamata fahali, anamshikilia, uwanja mzima kimya, na shingo ya mnyama inavunjika. Umati unainuka na kudai wasamehewe. Nero anasita, anatishika kwa sauti ya watu, anatoa ishara. Wapendao wanasema: tazama nguvu ya imani. Wasiopenda wanasema: tazama muujiza wa bei rahisi. Wote hawajauangalia umati. Hawa ndio waliopaza sauti wakitaka Wakristo watupiwe simba. Hakuna aliyeongoka, hakuna aliyehurumia wale wa jana. Wamependa misuli. Wametoa huruma kama watazamaji wa ndondi wanavyotoa shangwe, na kesho yake hukumu za wengine zinaendelea. Mwandishi aliyeona kwamba hata rehema inaweza kuwa aina ya burudani hakuwa na roho laini.

Lipo dai la tatu, la wasomi wa fasihi ya Poland, kwamba yote haya ni mafumbo ya taifa: Lygia ni Poland, Ursus ni mkulima wa Kipoland, fahali ni Ujerumani, Nero ni mfalme yeyote kati ya wale watatu. Lina mashiko. Walugii, kabila la Lygia, waliotajwa na Tacitus, waliishi katika nchi ambayo baadaye ikawa Poland, na msomaji wa Poznań mwaka 1896 hakuhitaji kuelezwa kwa nini fahali ni wa Ujerumani. Ila fumbo hilo linafungua usiku mmoja tu wa riwaya, kisha ufunguo unakwama. Petronius ni nani katika Poland hiyo? Chilon je? Na taifa linalongoja kujikomboa lina haja gani na kitabu ambacho wema wake hawapigani? Kama kuna Poland humu, iko kwenye ule ujuzi wa jinsi watu wenye akili wanavyojifunza kuishi karibu na mtawala wa kigeni, wakijua neno la kusema na la kumeza. Sienkiewicz aliandika maisha yake mengi chini ya wakaguzi wa Kirusi. Ufundi wa Petronius aliujua kutokea ndani.

Na asije mtu akamfanya mtakatifu wa wanyonge. Mapema mwaka 1891, miaka minne kabla ya riwaya hii, alikuja kwetu. Alifika Unguja, akavuka hadi Bagamoyo, akapokewa na mapadri wa Roho Mtakatifu waliokuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa, akaajiri wapagazi, akaingia bara kidogo hadi homa ilipomrudisha. Ujerumani iliyokuwa imemnyonga Bushiri huko Pangani Desemba 1889 ndiyo ileile iliyoishikilia Poznań. Bendera moja juu ya Bagamoyo na juu ya mji ambao gazeti lake lingechapa Quo vadis. Ungedhani Mpoland angeuona undugu huo. Katika barua zake za Afrika na katika riwaya ya watoto ya mwaka 1911 inayopita Sudan hadi kuelekea Mombasa, ambamo Kiswahili kinatajwa, Mwafrika ni mtoto wa kufundishwa na Mzungu ni mwalimu, hata akiwa mvulana wa miaka 14. Alielewa baraza la mfalme kuliko alivyomwelewa mtumwa. Eunice na Ursus ni ushahidi, wote wawili wanapenda kutumika. Hilo nalo linanipa nguvu katika hoja yangu: nguvu za kitabu hiki ziko ikulu.

Na mitume je? Petro wa riwaya hii ni mzee mvuvi aliyechoka, anayeuangalia mji mkubwa bila kuelewa kwa nini ameletwa hapo. Kando yake yuko Crispus, mzee wa kanisa mwenye Mungu wa hasira, anayewatisha ndugu zake kwa hukumu hata wakiwa wamesimama mlangoni mwa kifo, mpaka mitume wanamnyamazisha. Mwandishi hakumwogopa Crispus, wala hakumficha. Na jina lenyewe la kitabu limetoka katika kinywa cha mtu anayekimbia. Petro, waumini wake wakiwa wamekwisha, anatoka Roma alfajiri kwa barabara ya Appia, anakutana na Kristo anayeingia mjini, anamwuliza unakwenda wapi. Kisa hakimo katika Biblia. Kimetoka katika Matendo ya Petro, maandiko yaliyoachwa nje. Sienkiewicz angeweza kukipa kitabu jina la ushindi wowote. Alikipa swali la mtoro.

Nimebakiza vifo viwili, na hivyo ndivyo vinavyomaliza ubishi. Petronius anajua zamu yake imefika. Huko Cumae anaandaa karamu, anafungua mishipa pamoja na Eunice, na kabla ya hapo anawasomea wageni barua aliyomwandikia Nero. Kwa Tacitus, barua ya Petronius halisi iliorodhesha uchafu wa Nero na majina ya alioufanya nao. Kisha akaivunja pete yake ya muhuri isije ikatumika kuwaangamiza wengine. Sienkiewicz aliibadilisha barua hiyo. Petronius wake anamwambia Nero kwamba anaweza kumvumilia aliyemwua mama, aliyemwua mke, aliyechoma mji, lakini hawezi kuvumilia tena mashairi yake, sauti yake na miguu yake inapocheza. Wasomaji hucheka na kupiga makofi, na wahakiki huona hapo ushindi wa sanaa. Ni kichekesho kizuri kweli. Lakini huyu ni mtu anayekufa, hana cha kupoteza, kwa mara ya kwanza yuko huru kusema lolote mbele ya dunia, na hata sasa hana lugha nyingine zaidi ya lugha ya mezani. Mama wa watu ameuawa, na jambo linalomkera ni vina.

Ukweli mtupu ulishasemwa kabla yake, na mtu mwingine. Katika bustani za Nero, usiku, Wakristo wamefungwa kwenye nguzo na kuwashwa ili kuwamulikia wageni njia. Nero anapita kwa gari lake na wapambe nyuma, Chilon miongoni mwao, sasa ana cheo na nguo safi. Kwenye nguzo mojawapo anamwona Glaucus, bado hai. Chilon anaanguka, anamlilia amsamehe, na kutoka juu ya moto sauti inajibu kwamba amesamehewa. Anainuka, anamnyooshea Kaisari kidole mbele ya umati, anasema mchomaji wa mji ni huyu. Watamng'oa ulimi kwa hilo. Mwongo wa vichochoroni, muuza watu, ndiye peke yake katika watu wote wa Nero aliyetamka sentensi ambayo kila mmoja wao aliijua. Petronius alikuwa na akili ya kuisema, heshima ya kuisema, na nafasi ya kuisema tangu Antium.

Wenye kusema kwamba Quo vadis ni mahubiri wana epilogo ya kushika: aya chache za mwisho, Nero amekufa kifo cha aibu na kanisa la Petro linautazama mji. Nawaachia aya hizo. Mimi nimebaki na sura zote zilizotangulia, na ndani yake sijaona padri hata mmoja anayehubiri kwa ustadi kama Petronius anavyosifu.